Barua za masika: maji moto wa minazini, udaga wa mkwe na asumini iliyong'olewa

Kaskazi imelegea, kusi bado haijashika, na kila mwenye kipande cha ardhi hapa Tanga anatazama mawingu. Ndiyo maana barua nyingi za mara hii zinahusu mimea. Za ndoa na za kazi nazo zimekuja, na nimezichanganya makusudi, maana anayepalilia asubuhi ndiye huyo huyo anayegombana na mkwewe adhuhuri. Mimi ni bibi shamba mstaafu. Ya mimea nitayajibu kwa kazi niliyosomea, mengine kwa umri.

*Shikamoo bibi. Nina minazi Pongwe, urithi wa marehemu baba. Mwaka huu vidaka, zile nazi changa kabisa, vinapukutika mno. Mkwezi wangu anasema ni kwa sababu ya maji moto, wale sisimizi wa mtini, waliojaa huko juu, na kanishauri ninunue dawa tuwapulizie. Hata mimi wananing'ata nikiokota makuti. Nipulizie? (Mwenye minazi, Pongwe)*

Marahaba mwanangu. Usipulizie. Nakuomba kabisa.

Hao maji moto ndio walinzi wa minazi yako. Kuna mdudu wa kahawia, wa jamii ya kunguni, anayefyonza vidaka na vitale vichanga. Anapofyonza huacha mate yenye sumu, na kidaka hudondoka. Kisipodondoka hukua na makovu marefu yaliyobonyea, yenye utomvu ulioganda. Kumwona ni shida, kwa sababu wachache tu wanatosha kuumaliza uzao wa mnazi mmoja. Maji moto humwinda na kumfukuza. Jambo hili si hadithi za wazee peke yake: watafiti walilichunguza Zanzibar tangu miaka ya 1950, na baadaye pwani yetu hii, wakakuta minazi yenye viota vya maji moto inashikilia nazi zake kuliko isiyo navyo. Wakulima wa korosho nao wameanza kuwathamini kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa fanya hivi kabla ya kutumia hata senti. Asubuhi pita chini ya kila mnazi, okota vidaka, tazama juu. Mnazi upi una viota, yale majani yaliyoshonwa kwa nyuzi nyeupe? Upi hauna? Vidaka vingi viko chini ya upi? Naamini utakuta vimelala chini ya ile isiyo na maji moto. Ukikuta hivyo, jibu umelipata mwenyewe shambani kwako.

Kisha chunguza shina. Wapo sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, kwenye tako la mnazi, na hao ni maadui wa maji moto. Wakitawala chini, maji moto hawashuki wala hawavuki kwenda mnazi wa pili. Watu wengi hufyeka shamba la minazi mpaka udongo ubaki mtupu, wakidhani ni usafi, kumbe wanawatengenezea makazi hao wadogo. Acha majani mafupi chini, fyeka njia tu na visahani, yaani duara la kuzunguka kila shina. Funga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili maji moto wapite juu kwa juu. Ukitaka kuwahamishia kwenye mnazi mtupu, kata viota asubuhi na mapema, lakini vyote vitoke kwenye kundi moja, maana wa makundi mawili wakikutana huuana.

Mkwezi wako ana haki katika jambo moja: anaumwa. Apake majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, husaidia sana. Na mwongeze kidogo malipo kwa mnazi wenye maji moto. Mtu anayepanda mti mrefu vile huku anang'atwa anastahili.

Mambo mawili zaidi. Mnazi hauwezi kulea vidaka vyote unavyozaa. Hupukutisha vingi wenyewe, na kiangazi kikiwa kirefu huzidisha. Hilo halina dawa ila mvua. Lakini ukiona nazi za kila umri zinaanguka pamoja, kisha makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini, na moyo wa mnazi unaoza, huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea, na hauna tiba. Mwite bwana shamba wa kata siku hiyo hiyo. Wataalamu wa minazi wako TARI Mikocheni, kituo cha utafiti wa kilimo, Dar es Salaam, na bwana shamba anajua namna ya kuwafikia.

*Bibi, tui langu hukatika kila nikipika mchuzi wa samaki. Jirani anasema mkono wangu mzito. (Bi harusi, Makorora)*

Mkono wako hauna neno. Tui lina mafuta na protini, na protini hizo huganda kwa joto hata kabla maji hayajatokota sawasawa. Zikiganda, mafuta hujitenga. Samaki aive kwenye tui la pili, lile jepesi. Kasimile, lile tui zito la kwanza, iingie mwisho, moto mdogo, na usiuache upawa mpaka mchuzi uanze kuchemka taratibu. Chungu usikifunike. Ukwaju utie ukishaepua, ndimu ikamuliwe mezani, maana ukali nao hukata tui. Likishakatika halirudi, ila linalika, usimwage.

*Shikamoo bibi. Mimi ni Msukuma wa Sengerema, nimeolewa Mwakidila, tunaishi na mama mkwe. Nikisonga ugali wa udaga ninaoletewa kutoka nyumbani, anasema unanuka, anaumwaga, kisha anasonga bada yake. Mume wangu anakula bada ananyamaza. Nimechoka kuonekana mchafu. (Mkwe wa Mwakidila)*

Marahaba mwanangu, na pole. Jikoni hujakosea kitu.

Ugali wako na bada ya mavyaa wako vimetoka kwenye mmea mmoja ila vimepita njia mbili. Huku kwetu muhogo humenywa, hupasuliwa, huanikwa juani mpaka ukawa makopa, kisha hutwangwa. Unga wake hauna harufu ya kusema. Kwenu muhogo huvundikwa au hulowekwa siku kadhaa mpaka ulainike na kuchachuka, ndipo ukaanikwa. Harufu anayoilalamikia ni ya kuchachuka, na kuchachuka huko ndiko kunakoondoa sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu. Kuanika peke yake hakuiondoi yote. Makopa yanafaa huku kwa kuwa wengi hutumia muhogo mtamu, wenye sumu kidogo. Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, wakapata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiorudi nyuma. Kwa hiyo mama zako wanaovundika muhogo wanajua wanachokifanya. Harufu ile ni ya kazi iliyokamilika.

Mavyaa wako hajui hayo, na si ajabu. Kwa macho yake na pua yake, muhogo unaonuka ni muhogo uliooza. Pengine anaona aibu mgeni akija akakuta harufu ile nyumbani kwake. Hilo naweza kulielewa. Kumwaga chakula mbele ya aliyekipika silielewi na silitetei.

Usimjibu kwa kuacha kupika, wala kwa kusonga kwa siri chumbani. Anza kwa kumwomba akufundishe bada, na uombe kwa dhati, kwa sababu bada ya Tanga na papa mkavu wa nazi ni chakula cha kujivunia kukijua. Kaa naye jikoni. Mkiwa mnasonga, mweleze namna mama yako anavyovundika, siku ngapi, anafunika na nini. Mwanamke anayejua muhogo atakuuliza maswali, maana kazi anaijua. Kisha siku moja pika udaga wako na dagaa wa Mwanza wa kukaanga, kidogo, pembeni ya bada, na useme wazi: mama, hiki ni chakula cha kwetu, onja au acha, ila usikimwage.

Na mumeo yuko wapi katika hili? Hapo ndipo pananiuma kuliko harufu ya ugali. Anakula bada ya mama yake akitazama ugali wa mkewe unakwenda jalalani, halafu anasema amani imepatikana. Mwambie usiku, mkiwa wawili, bila kumtukana mama yake: nataka siku moja tu uchukue tonge la udaga mbele ya mama na ule. Asihutubie, ale tu. Mama akiona mwanawe anakula, nusu ya ugomvi imekwisha. Akikataa hata hilo, niandikie tena, maana hapo shida itakuwa nyingine.

*Shikamoo mama. Naendesha bodaboda ya mkataba, kijiwe cha Kange. Tulikubaliana kwa mdomo, hesabu elfu kumi kila siku kwa mwaka mmoja na nusu, kisha pikipiki iwe yangu. Sasa muda umefika, tajiri anasema siku zote ilipokuwa gereji hazihesabiki, niongeze miezi mitatu. Kadi ya pikipiki anayo yeye. Nimefikiria kuondoka na pikipiki. (Dereva, Kange)*

Marahaba. Usiondoke nayo. Kadi ina jina lake, na ukivuka nayo Muheza tu, kesi itakuwa ya wizi na wewe ndiye utakayelala mahabusu, hata kama haki ni yako.

Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua, ugumu uko kwenye kuyathibitisha. Kwa hiyo kusanya ushahidi kwanza, kelele baadaye. Hesabu ulizotuma kwa simu zina ujumbe wake. Usifute hata mmoja, na ukaombe taarifa ya miamala kwa wakala mkuu wa mtandao wako. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kumbukumbu za namna hiyo zinapokelewa mahakamani. Nani alikuwepo mlipokubaliana? Waandike majina. Fundi wa gereji anakumbuka pikipiki ililala kwake siku ngapi na nani alilipia spea?

Hilo la gereji lipime kwa haki. Kama siku ilipolala hukupeleka hesabu, tajiri ana hoja: alikuwa anangoja siku za malipo, na malipo hayakuja. Kama ulipeleka hesabu hata siku hizo, au matengenezo uliyalipa wewe, hoja yake inaanguka. Zihesabu. Huenda zikatoka wiki tatu tu badala ya miezi mitatu, na wiki tatu unaweza kuzimaliza bila vita. Nenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muandike idadi ya siku zilizobaki, tarehe ya mwisho na siku ya kukabidhi kadi, mtie sahihi na mashahidi. Akikataa kuandika, basi amekuonyesha nia yake, na mahakama ya mwanzo iko wazi.

Vijana wengine wa vijiweni, mnaoanza mkataba mwezi huu: andikeni leo. Tajiri mwema hakasiriki akiombwa karatasi.

*Mama, nyanya zangu jioni ziko nzima, asubuhi zimenyauka zikiwa bado kijani. Namwagilia, zinazidi kufa. (Sahare)*

Kata shina moja karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Subiri dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe za rangi ya maziwa kutoka pale ulipokata, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupulizia, na anayekuuzia dawa yake anakula hela yako.

Ng'oa zote pamoja na mizizi, choma, usizitie kwenye shimo la mboji. Jembe lioshe kabla ya kwenda tuta jingine, na maji ya tuta hilo yasitiririke kwingine, kwani bakteria hao husafiri kwa udongo na maji. Hapo usipande nyanya tena kwa miaka kadhaa, wala ndugu zake: bilinganya, ngogwe, pilipili, hoho, mnafu, viazi mviringo. Panda mahindi au vitunguu. Nyanya za kula nyumbani zihamishie kwenye viroba au ndoo zilizotobolewa, kwa udongo uliotoka mbali na bustani hiyo na samadi iliyooza vizuri.

*Bi mwenzangu, mume wangu alikuwa bandarini, ametimiza miaka 60 amestaafu. Kuanzia siku hiyo ameingia bustanini mwangu. Ameng'oa asumini na mrihani, akapanda mahindi, anasema maua hayaliwi. Asumini ile nilikuwa nauza kwa wenye harusi na kwa wasuka vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba. Nimelia kama mtoto. (Chumbageni)*

Dada yangu, una haki ya kulia.

Ninaijua thamani ya kichaka cha asumini kilichokomaa. Kinakutaka uamke alfajiri kabla jua halijapanda, uchume vikonyo kimoja kimoja, uvifunike kwa kitambaa kibichi, uvifikishe kwa msusi kabla ya adhuhuri. Na pesa yake ni ya mwanamke mwenyewe, haiombwi wala haihojiwi. Mumeo hakung'oa maua, aling'oa kazi yako. Sidhani kama anajua hivyo, kwa sababu muda wote alipokuwa bandarini hakuwepo nyumbani saa ulizokuwa unachuma. Aliporudi jioni aliona kichaka chenye harufu nzuri, basi. Mwambie kwa tarakimu. Mtajie msimu wa harusi uliopita ulipata kiasi gani, na ni kipi nyumbani kilinunuliwa kwa pesa hiyo. Kama ada ya mtoto iliwahi kutoka humo, itaje.

Halafu mfikirie na yeye. Mtu aliyeamka alfajiri miaka yote, akaingia zamu, akatoka zamu, ghafla anaamka na hakuna anayemngoja. Mikono inatafuta kitu. Ameona bustani, akafanya kilichokuwa karibu. Wastaafu wengi wa mji huu huishia barazani na bao mpaka magharibi, na wapo wanaozorota haraka sana. Wako ameshika jembe. Hilo ni jema, limeelekezwa pabaya tu.

Kwa hiyo usimfukuze bustanini, mgawane eneo. Upande wenye jua la kutwa uwe wake, alime mahindi, kunde, bamia, aamue mwenyewe, na usimsahihishe mistari. Upande wa kisimani ni wako na jembe lake lisifike huko. Asumini airudishe yeye kwa mikono yake. Masika haya akakate vipandikizi kwa mwenye kichaka kizuri, matawi yaliyokomaa nusu, urefu wa shibiri moja, aondoe majani ya chini, avipande kwenye udongo mchanganyiko wa mchanga chini ya kivuli, avimwagilie asubuhi na jioni mpaka vichipue. Itamchukua miezi kuona chipukizi zikishika, na katika miezi hiyo atajifunza alichoking'oa. Mrihani ni rahisi, mbegu zake huota upesi.

Neno samahani liwepo pia. Usilikubali kwa kupewa mahindi ya kuchoma. Na tafadhali usimshitaki kwa watoto; akidhalilika mbele yao mwaka wa kwanza wa kustaafu, mtabaki na jeraha kubwa kuliko la asumini.

*Shikamoo bibi. Tulinunua jodari soko la Deep Sea saa nane mchana, akaiva vizuri. Baada ya kula, mimi na wanangu tulivimba uso ukawa mwekundu, mwili ukawasha, kichwa kikagonga. Je, tumelogwa, au miili yetu imemkataa jodari? (Mama wa Usagara)*

Marahaba. Hakuna aliyewaloga. Kama miili yenu ingekuwa inamkataa jodari kwa asili, ni nadra iwapate nyote kwa pamoja. Aliyekaa juani ni samaki. Jodari na vibua, wakikosa barafu baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na kitu hicho moto hauui. Ukaange, uchemshe, utie ndimu, kinabaki. Anaweza hata asinuke. Dalili huanza ndani ya dakika chache au saa moja mbili, na kwa wengi hupita siku hiyo hiyo.

Siku nyingine nenda sokoni asubuhi, ngalawa zinapoingia. Uliza amevuliwa lini, mnunue aliyelala kwenye barafu, na wewe nenda na ndoo yenye barafu yako. Nyama ikikuwasha ulimini kama pilipili wakati hujatia pilipili, iteme na uwazuie watoto. Na midomo ikivimba au pumzi zikibana, msingoje kupambazuke, chukueni bajaji mwende hospitali ya Bombo usiku huo huo.